Tulivyofunga Alhamisi ili Kununua Buldoza

Buldoza la kwanza tulilokwenda kulitazama lilikuwa limepakwa rangi mpya ya njano, mpaka kwenye vile vichuchu vya kuingizia grisi. Niliviona. Nilikuwa mtunza stoo miaka ishirini na sita kwenye karakana ya shamba la mkonge, kwa hiyo najua kwamba kichuchu kilichopakwa rangi hakijaonja grisi siku nyingi. Nikafungua mdomo niwaambie wenzangu, na hapo hapo mtu akanitilia sambusa mkononi.

Ilikuwa sambusa nzuri. Nikala, nikasahau vichuchu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuende pamoja. Nilipostaafu nilirudi nyumbani Misima, na kiinua mgongo changu nikakiweka kwenye ekari tatu za mitiki. Mitiki ni mti wa watu wenye subira. Unaupanda, unaupalilia, unaupogoa matawi, kisha unakaa unaungoja miaka na miaka huku majirani wakikuuliza kama umekosa mbegu za mahindi. Tulikuwa kikundi kizima cha wapanda miti, mashamba yetu yamegusana kwenye mteremko mmoja. Hilo lilikuwa jambo jema kwa utani na misiba, lakini baya kwa moto.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia, mtu mmoja bondeni alichoma shamba lake asafishe. Upepo ukauchukua moto, ukaupandisha kwetu. Tulikuwa na njia ya moto, yaani ukanda uliopaliliwa mpaka udongo ubaki mtupu, ili moto ukifika ukose cha kula. Lakini tuliulima kwa jembe, na mikono ya wazee inachoka mapema. Ukanda wetu ulikuwa na upana wa kanga iliyoanikwa. Moto uliuvuka bila hata kupunguza mwendo. Mchana mmoja ulimaliza mitiki ya jirani yangu ya miaka kumi na mitatu, kisha upepo ukageuka, moto ukasimama hatua arobaini kutoka kwangu. Nilizihesabu mwenyewe jioni ile, majivu yakiwa bado ya moto chini ya kandambili.

Kukodi mashine tulishajaribu. Wenye mashine walikuja mvua zilipoanza. Basi kikundi kikaamua kununua buldoza letu, kuukuu, la kukata njia pana kama barabara na kulichukua hapo hapo moto ukitokea. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja tu. Tukileta bovu, kiangazi kingetukuta tena na majembe, na safari hii upepo usingekuwa na sababu ya kunihurumia.

Walituchagua watu watatu. Mimi, kwa sababu ya stoo. Sijawahi kufungua injini maishani, lakini mtunza stoo anajua kila mashine inakula nini. Inayokuja kila wiki kuomba gasketi haina afya, hata ikipakwa manukato. Wa pili alikuwa opareta mstaafu, Msambaa, Mkristo, mtu mwenye mwili na mapenzi ya dhati kwa chakula, aliyekata barabara milimani ujana wake wote. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Kizigua kutoka Kang'ata, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye hata baiskeli hakuwahi kupanda. Watu walicheka jina lake lilipotajwa. Mwenyekiti wetu alisema jambo moja tu: mzee huyu hajawahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa.

"Mzee, mnyama huyu hana mkia," opareta alimchokoza siku ya safari. "Utamkamata wapi?"

"Nitamkamata muuzaji," mzee akajibu. "Ng'ombe hajanidanganya hata siku moja, mtani wangu. Wenye ng'ombe ndio."

Sasa turudi Korogwe, kwenye sambusa. Muuzaji alikuwa mtu mwungwana kweli kweli. Alimwamkia mzee shikamoo, akaniamkia na mimi, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, za mgonjwa yeyote tuliyenaye. Chini ya turubai kulikuwa na meza: chai ya maziwa, sambusa, vitumbua, mihogo ya kuchemsha. Kwetu mtu akishakuandalia meza, huinuki kwenda kukagua bidhaa yake mdomo ukiwa mtupu. Hiyo ingekuwa sawa na kumwambia kwamba humwamini. Tukakaa. Nyuma ya ukuta injini ilikuwa ikinguruma.

"Vijana wanalipasha tingatinga," muuzaji akasema, "lisije likawachelewesha wageni wangu."

Tulimshukuru. Naandika haya nikiona aibu hata leo: sote watatu, watu wazima, tulimshukuru.

Baada ya kama saa nzima tuliongozwa uani. Injini ilizimwa, ikawashwa tena mbele yetu, ikaitika mara ya kwanza tu. Opareta akapanda, akaenda mbele, akarudi nyuma, akashuka akitabasamu. "Safi," akasema. Mimi nikaitikia kwa kichwa, na kitumbua changu cha mwisho kikiwa kwenye leso. Tukaaga, tukaahidi kurudi na jibu.

Tulikuwa tumebanana kwenye kirikuu cha kukodi, kigari kidogo cha mizigo, tunarudi Handeni, mzee aliponigeukia.

"Mama, kwani mashine ikiwa ya baridi inakuwaje?"

Nikamweleza, na wewe nakueleza vile vile. Injini iliyolala usiku mzima ni kama mtu aliyeamshwa ghafla: haina muda wa kutunga uongo. Chuma kikiwa baridi kimesinyaa. Kama vipande vya ndani vimelika, nafasi kati yao zinakuwa wazi, na nguvu inavujia humo. Itakohoa, itagoma, itatoa moshi. Ikishapata moto chuma kinatanuka, nafasi zinazibika kidogo, na mgonjwa anasimama wima kama mzima. Ndiyo maana ukitaka kununua mashine kuukuu, jambo la kwanza ni kuikuta baridi. Kabla ya rangi, kabla ya bei, weka kiganja chako kwenye injini.

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mnadani," akasema alipopata pumzi, "mwenye ng'ombe dhaifu humlambisha chumvi alfajiri, kisha anampeleka majini. Wewe ukifika saa tatu unakuta tumbo limejaa, unasema huyu ndiye. Miaka yote nawacheka wanaonunua tumbo la maji. Leo nimelambishwa mimi! Sambusa ile ndiyo chumvi!"

Opareta akafuta mdomo kwa kiganja, kana kwamba ushahidi ulikuwa bado upo.

"Basi tuwahi alfajiri, bila taarifa," nikasema.

"Tukiwahi alfajiri atatupa chai ya alfajiri," opareta akajibu. "Na mimi nikipewa chai nakunywa. Nawaambia mapema, msije mkanilaumu."

Alisema kweli. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uso wa kuikataa chai ya mwenyeji. Kisha mzee akasema polepole, kama anayehesabu, "Kesho kutwa ni Alhamisi."

Nilimwelewa papo hapo. Waislamu wengi kwetu hufunga sunna siku za Jumatatu na Alhamisi. Mtu aliyefunga hakatai chai kwa jeuri, na hakuna mwungwana atakayemlazimisha.

"Ninyi fungeni," opareta akasema. "Mimi ni Mkristo."

"Kwani kwenu hamfungi?"

"Tunafunga Kwaresima. Kwaresima imepita, mzee, nashukuru."

"Ukila wewe peke yako, sisi itabidi tukusubiri mezani. Muuzaji atapata saa yake ile ile."

Opareta akageukia dirisha. "Tangu mwanzo nilijua Mzigua ataniua," akasema. "Ila nilidhani ni kwa uchawi."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Nilimuuliza mzee faraghani kama inafaa kufunga kwa sababu ya buldoza. Akanijibu kwamba nia aweke mtu kwa Mungu, kama kawaida, na kama kuna faida nyingine itakayofuata, hiyo ni ziada. Nikaweka nia yangu vizuri, na katikati yake nikaitaja mitiki kidogo. Nadhani haikuwa dhambi.

Jumatano tulilala Korogwe kwa mpwa wa mzee. Alhamisi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, tulikuwa mlangoni kwa muuzaji. Alitoka na fulana, mswaki mdomoni.

"Aa! Shikamoo mzee! Shikamoo mama! Karibuni, karibuni, chai sasa hivi..."

"Marahaba. Tumefunga," mzee akasema.

Muuzaji akamtazama opareta, na rozari iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. "Hata wewe?"

"Hata mimi," opareta akasema, na uchungu wa sauti yake haukuwa wa kuigiza.

"Basi niwaamshe vijana, walipashe..."

"Usiwasumbue, bwana. Liache lilale. Tunataka kuliamsha wenyewe," mzee akasema.

Niliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Nikafungua mfuniko wa rejeta, jambo ambalo usilifanye kamwe injini ikiwa ya moto, maana maji yatakurukia usoni. Juu ya maji yalielea mafuta, kama mchuzi wa mbuzi uliopoa. Pale palipo na mafuta kwenye maji, ujue ndani kuna mlango ulio wazi ambao ulipaswa kufungwa.

Opareta akawasha. Likakohoa, likanyamaza. Akawasha tena. Mara ya tatu likaamka kwa kishindo na kutoa moshi wa buluu uliofunika turubai, meza na muuzaji mwenyewe. Moshi mweusi kidogo wakati wa kuwaka si kitu, wala mweupe ukitoweka haraka. Wa buluu usioisha, niliwaambia, ni injini inayokunywa oili yake yenyewe. Muuzaji alisema ni umande.

"Mama amesema oili," mzee akamjibu kwa upole. "Mimi sijui, mimi ni mtu wa ng'ombe."

Likabaki jaribio la bledi, ule ubao mkubwa wa chuma wa mbele. Opareta aliunyanyua juu, akazima injini. Bledi iliyo nzima inatakiwa ibaki pale ilipoachwa, maana inashikiliwa na mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba. Mafuta yakivuja kwa ndani, inashuka. Hakuna anayetia mkono wala mguu chini yake, unaweka kitu usichokipenda. Palikuwa na ndoo ya plastiki karibu. Nikaisukuma kwa ufito mpaka chini ya bledi, tukarudi nyuma.

Sasa ikatubidi tusubiri, na muuzaji, ili kuondoa ukimya, akaanza tena habari za nyumbani. Mzee akampa zote. Alimweleza mvua ya kila wiki. Alimweleza mahindi ya shamba la juu, kisha ya shamba la chini, kisha goti la mke mkubwa, kisha daktari aliyelitazama lile goti. Muuzaji aliitikia kila kitu, kwa sababu ni mwungwana, na nyuma ya mgongo wake bledi ilikuwa ikishuka taratibu kama mzee anayetafuta kiti. Tulipofika kwenye harusi ya mjukuu tukasikia: krrap!

"Ndoo ya mke wangu!" muuzaji akasema.

Tukatazamana. Kisha, kwa kweli namsifu, akacheka yeye kwanza. Alikaa kwenye cheni ya buldoza lake akacheka hadi machozi. "Mzee, leo umeniweza. Nendeni Hale. Kuna mtu analo moja. Mimi nililikataa kwa sababu halina sura ya kuuzika."

Tulimwachia hela ya ndoo, tukaondoka kwa amani.

Njiani kwenda Hale opareta alizungumzia wali. Alianza na wali wa nazi, akapita kwenye wali wa maharage, akaingia kwenye ukoko. Mzee alimwambia kwamba mwenye kufunga hatakiwi kusema maneno machafu.

Mwenye buldoza alikuwa mzee mwenzetu, aliyefanya kazi ya kuwachimbia wafugaji malambo ya kunyweshea mifugo hadi mgongo ulipomkatalia. Mashine ilikaa chini ya banda la mabati. Rangi ilikuwa imeshababuka, bledi ina makovu, na kwenye kiti cha opareta alikuwa amekaa kuku, anatutazama kwa jicho moja.

Yule mzee hakutuandalia meza. Alianza kusema kabla hatujauliza. "Rola mbili za cheni ya kushoto zinavuja. Taa za nyuma hamna. Kizimba cha juu nilikichomelea mwenyewe baada ya tawi kuniangukia. Na kiti kina mayai kumi na moja."

"Ameatamia tangu lini?" mzee wetu akauliza.

"Leo ya kumi na saba."

Mzee akaninong'oneza, macho yanang'aa, "Mama, huyo ndiye shahidi. Siku kumi na saba halijapashwa."

Opareta alilala chini akachungulia tumboni mwa mashine. Hapa palikuwa na jambo ambalo mnunuzi wa buldoza la kuchimbia msingi anaweza kulipuuza, lakini si mtu wa msitu. Mashine ikifanya kazi vichakani hujaza majani makavu na vijiti chini ya injini, na siku ikipata moto sana huwaka yenyewe. Umeituma izuie moto, kumbe imeubeba tumboni. Opareta alitoka na mkono mtupu. Sahani ya chuma ya tumboni ilikuwepo, na juu yake palikuwa pamefagiliwa.

Mimi nilikwenda kwenye cheni, kwa sababu ndiko mashine hizi zinakokula sana vipuri vya stoo. Tazama meno ya gurudumu linaloivuta. Yakiwa yamechongoka kama ya papa, cheni na kila kinachoishika vimekwisha pamoja, na hapo utanunua buldoza mara mbili. Haya yalikuwa butu, yamelika kiasi. Upande wa kushoto umelika zaidi, na nilipouliza, mwenyewe akasema lambo huchimbwa kwa kuzunguka upande mmoja. Jibu lililingana na chuma. Nikaanza kulipenda.

Ikabaki kuliwasha, na hapo mwenye mali akasita. "Akishtuliwa ataacha mayai," akasema. "Zimebaki siku nne."

Hakuna aliyecheka. Sote tumefuga. Opareta akaomba spana, akafungua nati nne za kiti, na yeye na mwenyeji wakakibeba kiti na kuku wake mpaka jikoni, polepole, kama wanaompeleka bibi harusi. Kuku hakuinuka. Opareta akarudi, akafunga kreti la soda kwa kamba mahali pa kiti, akakaa juu yake kwa heshima zote.

Mwenyeji akaleta betri alizokuwa akizitunza ndani. Mara ya kwanza likaguna. Mara ya pili likawaka, likatoa wingu jeusi dogo kama mtu anayesafisha koo, kisha moshi ukapotea kabisa. Opareta akalipandisha kilima kinyumenyume, akaligeuza kulia, akaligeuza kushoto, akarudi, akanyanyua bledi, akazima.

Hatukuwa na ndoo. Mzee alivua kofia yake ya kufuma, ile nzuri ya Ijumaa, akaisukuma chini ya bledi kwa fimbo.

"Mzee!" nikasema.

"Nimemwangalia mwenye mali akisema, hana chumvi," akajibu. "Twendeni tukaswali."

Tuliswali adhuhuri, yeye akiwa na kofia ya kuazima. Opareta alitusubiri kivulini akiwa amefumba macho. Sijui kama alikuwa akisali au akiwaza ukoko. Tuliporudi, kofia ilikuwa bado imesimama, na bledi ilikuwa pale pale juu yake.

Tulifuturu Hale, kwa yule mzee. Opareta alikula kwa namna ambayo mke wa mwenyeji aliiita baraka. Siku nne baadaye lori lenye tela la chini lilikwenda kulichukua buldoza, na kiti kikarudishiwa nati zake, kikiwa na ganda moja la yai lililokwama kwenye kitambaa. Vifaranga tisa walitoka. Opareta hakukubali lile ganda liondolewe.

Tulibadilisha zile rola mbili kabla bledi haijagusa udongo, kisha opareta akauzunguka mteremko wote. Njia ya moto ilikuwa na upana wa hatua kumi na tano, nyekundu, tupu. Jirani yangu aliyeunguliwa alitembea katikati yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akaenda kutafuta miche.

Moto ulikuja mwezi wa tisa, siku ya upepo, kutoka bonde lile lile. Nilikuwa kwenye mitiki yangu. Nilisikia kwanza majani yakipasuka, kisha nikasikia ule mguno mmoja na injini ikawaka, na nikajua opareta ameshafika juu ya kiti chake. Moto ulipanda, ukafika kwenye udongo mwekundu, ukatafuta. Kwenye kona ya chini cheche ziliruka zikashika nyasi upande wetu, na nikaona miti yangu ya pembeni ikikunja majani. Buldoza likashuka likiwa limetanguliza bledi, likazifukia nyasi zile pamoja na moto wake, likarudi, likapita tena. Sisi wengine tulifuata na matawi mabichi tukizima vilivyobaki. Jua lilipoanza kulala, upande wa pili wa njia ulikuwa mweusi na upande wetu ulikuwa na miti. Nilipoteza sita. Niliihesabu hiyo pia.

Opareta aliteremsha bledi mpaka chini, akazima, akafagia majani yote tumboni mwa mashine kabla hajanawa uso. Mke wa mwenyekiti akaja na birika kubwa la chai na beseni la mihogo, akatuweka chini pale pale katikati ya njia ya moto.

Opareta alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, akamtazama mzee.

"Leo siku gani?"

"Jumatano," mzee akasema. "Kunywa, mtani."